Maiti ya Karatasi

Maiti ilifika kwenye simu za watu kabla Inspekta Pétronille hajafika kwenye maiti. Alikuwa bado njiani, amekaa upande nyuma ya baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, faili lake kwapani, na tayari alikwisha kutumiwa picha ileile mara nne: furushi jeupe, refu, limenasa katika mtego wa kikapu kwenye maporomoko ya Wagenya. Wa kwanza kuituma alisema ni mwanamume. Wa pili alisema ni wawili wamefungwa pamoja. Wa tatu, shemeji yake mwenyewe, aliuliza kama ni kweli kichwa hakijapatikana.

"Djuma, kanyaga," alimwambia mwenye baiskeli. "Tukichelewa tutakuta wamefika saba."

Djuma akakanyaga. Gari la kazi lilikuwapo, asiseme mtu halikuwapo, ila tangu Pasaka lilikuwa limelala chini ya turubai likingoja betri, na wahalifu wa Kisangani hawakukubali kungoja nalo. Basi upelelezi ulikwenda kwa toleka. Djuma, mtu mzima mwenye watoto watano na maoni juu ya kila kesi, alikuwa amekwisha kujua kazi hiyo kuliko baadhi ya walioajiriwa kuifanya.

Mwenye mtego, mvuvi Théodore, alikuwa amesimama juu ya mwamba, ameloa hadi kifuani, mkono wa kulia ameuinua kama mtu anayeapa, ingawa hakuna aliyemwapisha.

"Mama Inspecteur, mi sikuua mutu! Nilikuya kuangalia mutego asubui, naona iko nzito, nasema leo mbisi iko mukubwa. Navuta, navuta... Ebembe! Maiti na sanda yake!"

"Uliigusa?"

"Na muti. Kidogo tu."

"Na picha, nani alipiga?"

Théodore aliangalia miguu yake. "Mimi. Mais ilikuwa mbele, sijaogopa bado."

Wanaume sita walilivuta furushi hadi mahali pakavu. Watu walikuwa wamejaa: wauza samaki, wanafunzi waliosahau njia ya shule, na mchungaji mmoja aliyekuwa amekwisha kufungua Biblia. Pétronille alimwomba asubiri kidogo, maana marehemu hakuwa amesema dini yake.

Hakugusa kitu. Alizunguka mara tatu, akaandika. Kitambaa cheupe cha pamba, kipya. Vifundo vitatu: kichwani, kiunoni, miguuni. Harufu ya kafuri ambayo hata mto haukuweza kuiosha. Yote hayo yalisema Mwislamu. Lakini Mwislamu huzikwa ardhini, tena mapema, na ndugu zake hawamtupi mtoni. Akainama tena, akatazama mahali ambapo pangekuwa na bega.

"Djuma, weye umeona maiti ngapi?"

"Mingi, Mama."

"Ulisha kuona yenye pembe kama sanduku?"

Djuma alitazama kwa muda. "Apana, Mama. Ya namna hii, apana."

Vifundo hakuvikata, kifundo ni shahidi, na shahidi hapigwi kisu. Alivifungua kwa kucha, kimoja kimoja, na umati mzima ukazuia pumzi. Sanda ikafunguka. Ndani yake mlikuwa na vitabu.

Kisha mama mmoja mwenye beseni la samaki akasema, "Njo hiyo tu?" na watu wakakasirika kama walioalikwa karamu wakapewa maji ya kunywa. Mchungaji alifunga Biblia yake, akaondoka na sala nzima ikiwa bado mdomoni. Baada ya dakika chache alibaki Théodore, Djuma, na mbuzi mmoja aliyevutiwa na karatasi.

"Bon," akasema Théodore, akiushusha mkono kwa mara ya kwanza. "Kama ni vitabu, mi naweza kwenda?"

"Weye ni shahidi. Fukuza mbuzi."

Vilikuwa vitabu arobaini na vitatu, pamoja na nusu ya tofali la saruji lililowekwa ili furushi lizame. Sarufi ya Kifaransa. Kilimo cha mpunga. Jiometri. Ufugaji wa nyuki. Riwaya zisizo na majalada, atlasi yenye nchi ambazo hazipo tena, na kitabu cha kufundisha michezo ya karata. Kumi hivi vya mwisho viligandamana vikawa bonge moja, na Pétronille alikataza visibanduliwe kwa nguvu. Aliyevikusanya hakuwa mtu wa kuchagua, alipenda tu. Na juu ya ukurasa wa kwanza wa kila kitabu kilichofunguka palikuwa na mstari mmoja wa herufi za Kiarabu, kwa penseli ya bluu.

"Weye ulisoma madrasa," Pétronille alimwambia Djuma. "Inasema nini?"

Djuma aliinama, akasoma, akarudi nyuma hatua mbili, akavua kandambili. "Mama, tusikanyage hapa. Iko jina ya Mungu. Bismillahi."

"Kwa hiki tu?"

Akafungua kingine. Na kingine. Alipofika kwenye kile cha karata alikifunga, akakifungua tena kuhakikisha. "Hata ya karata, Mama. Iko nayo."

"Donc?"

"Donc kwetu karatasi yenye jina ya Mungu huwezi kuitupa jalalani, huwezi kufungia nayo kalanga. Unaizika fasi safi, ao unaipatia maji yenye kutembea. Na eshima."

"Basi hakuna aliyeua. Mutu alifanya mazishi."

"Mazishi ya vitabu," Djuma akakubali, na kwa namna alivyosema, ilionekana hakuona ajabu kubwa hapo.

Mazishi hayakosi mfiwa, na mfiwa Pétronille alimjua. Jina lake lilikuwa ndani ya faili tangu siku tatu zilizopita: Mama Safiya wa Mangobo, mjane wa Bilali, fundi wa kushona nguo. Alirudi kutoka Isangi, alikokwenda kwenye kilio cha dada yake, akakuta chumba cha vitabu vya marehemu mumewe kitupu. Watoto wake walimwambia wezi wameingia. Mama Safiya alikaza kitenge chake kiunoni, akaenda polisi. Alipoombwa orodha ya vilivyoibwa, alikataa kuitoa.

"Mingi iko ya kulisha muchwa tu," alisema siku ile. "Mi nalilia kimoja. Ngozi yake ya bluu, na nyuma iko alama ya pasi. Fundi aliweka pasi ya makaa juu yake, akasahau."

Kila alasiri, cherehani ikishafunikwa, Bilali alikuwa akimsomea mkewe kitabu hicho huku mke akichambua majani ya sombe. Walikwenda hivyo mwaka na nusu. Ilikuwa hadithi ya msichana aitwaye Rachida, aliyeteremka mto kumtafuta mama asiyemjua sura. Siku ya Jumatano Rachida alifika kwenye nyumba aliyoelekezwa, akainua mkono apige hodi, na hapo Bilali akaweka uzi kati ya kurasa, akasema kesho. Alhamisi alikuwa na homa. Jumamosi walimzika.

"Mi sikusoma, mutoto wangu," Mama Safiya alimwambia Pétronille. "Kama ningesoma, singekusumbua. Mi nataka tu kujua nani alifungua mulango."

Pétronille aliandika hivyohivyo kwenye PV, karatasi ya maelezo ya kesi: mlalamikaji anataka kujua nani alifungua mlango. Mkuu wake alimrudishia karatasi, pembeni ameandika kwa wino mwekundu: mlango upi?

Sasa, pale mwambani, alikitafuta kitabu cha bluu chenye alama ya pasi, hakukiona. Labda kilikuwa ndani ya lile bonge, labda mto ulikwisha kukila. Alimwagiza Théodore avianike vyote juani, kisha avilete Mangobo kwa mkokoteni.

"Na mutego yangu iliyovunjika?"

"Nitaiandika kwa PV."

"Andika pia sikuua mutu."

"Hakuna mutu aliyekufa, Théodore."

"Andika tu," alisema Théodore. "Picha imesha kutembea."

Kabla ya kuondoka, Pétronille alipekua vitabu tena, mara hii akitazama yale yasiyosomwa: mafuta ya vidole, mchanga, nywele. Katika kile cha jiometri alisimama. Ukurasa wa sita ulikuwa umechanwa, ukakunjwa kuwa kikoni, kifuko cha pembe, kisha ukanyooshwa na kurudishwa mahali pake kwa mkono wa mtu mwenye kujuta. Katika mkunjo wake palikuwa na maganda mawili mekundu, membamba, ya karanga.

Hapo aliguna. Kwa siku mbili zilizopita alikuwa amekula karanga za serikali. Watoto wa Mama Safiya ndio waliomnong'oneza jina la Lydie, muuza karanga wa soko la Mangobo, ambaye kila mtu alijua hupita nyumba kwa nyumba akiomba makaratasi ya kufungia. Pétronille alinunua kikoni kimoja kimoja, akakila, akakisoma. Alipata mitihani ya hesabu, fomu za kanisa, na barua ya mapenzi ambayo hakuiweka kwenye faili bali kwenye mkoba wake. Ukurasa wa kitabu hakuupata hata mmoja, akamfuta Lydie katika orodha ya washukiwa. Kumbe alikuwa amefika mahali penyewe, akauliza swali la pembeni.

"Mama Inspecteur, leo tena?" Lydie alisema alipomwona akishuka kwenye baiskeli. "Tumbo yako itauma."

"Leo sili. Leo nauliza: nani alikuletea vitabu, alafu akakuya kuvirudisha?"

Lydie aliacha kukunja karatasi. "Hemedi. Mutoto ya fundi Bilali. Alileta asubui sakosi mbili, akasema tumia yote. Mi nafurahi. Saa tisa naona mutu anakimbia, kiatu moja tu, ingine imebaki njiani. Njo yeye. Akapakia vitabu yote. Kulikuwa client hapa anakula. Akamunyanganya cornet, akamumwangia kalanga kwa mukono, akasema pardon, akaenda na karatasi!"

"Client alisema nini?"

"Alisema chumvi yote imebaki kwa karatasi."

"Na mbona hukuniambia zile siku?"

"Hukuuliza hiyo," alisema Lydie. "Uliuliza kama mi ni mwizi. Nikajibu apana. Ukanunua kalanga."

Pétronille aliandika "kiatu kimoja" akapiga mstari chini yake.

Nyumba ya marehemu Bilali ilikuwa na ukuta wa uani uliosimama nusu, matofali mapya ya saruji yamepangwa kando, na juu ya matofali hayo nusu moja iliyokatwa, isiyo na mwenzake. Pétronille aliitazama, akapita. Chumba kilichosemekana kuibwa kilikuwa kimejaa cherehani tatu na rundo la sare za shule, mashati meupe hadi dirishani. Hemedi, mwana mkubwa, mwenye tumbo la fundi anayekaa sana, alikuwa akikanyaga cherehani, penseli ya bluu ya kuchorea nguo nyuma ya sikio. Dada yake Nasra alikuwa akishona vifungo. Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo zilijaa chumba.

"Mama yenu iko?"

"Anapika, Mama Inspecteur," alisema Nasra. "Mulisha kukamata wezi?"

"Pole pole. Kwanza nahitaji fundi anisaidie." Alitoa kipande cha kitambaa cheupe, akakiweka mezani mbele ya Hemedi. "Angalia mushono hii. Iko namna gani?"

Hemedi alipitisha kidole gumba juu yake. Kiburi cha kazi ni ugonjwa, na yeye alikuwa nao tangu utoto. "Iko propre. Imepita mara mbili, ncha imekunjwa ndani. Hata ikae kwa maji mwezi, haifumuke."

"Nani amekuambia ilikaa kwa maji?"

Cherehani ikanyamaza. Nasra akajichoma sindano.

"Na kitu ingine," Pétronille aliendelea, kwa sauti ileile ya kuomba msaada. "Djuma ananiambia sanda haishonwe. Unaikata, unaifunga, basi. Sasa ni mutu gani anashona sanda na mushono ya suruali?"

Hemedi alitazama kitambaa, akatazama mlango, akatazama kitambaa tena. "Ncha zilikuwa zinatoka nyuzi," alisema kwa huzuni. "Nilishindwa kuiacha vile."

"Nilikuambia!" Nasra aliruka. "Nilikuambia, Hemedi, acha, hakuna mutu atakayoiona!"

Baada ya hapo hakukuwa na haja ya kuuliza. Kazi ilikuwa kuwazuia wasiseme wote wawili kwa pamoja. Rentrée, kufunguliwa kwa shule, ilikuwa imekaribia. Cherehani zilikuwa uani, mvua ikizinyeshea, na shule mbili zilitaka sare. Chumba pekee kilikuwa cha vitabu vya baba. Mama alipokwenda Isangi, walikaa kikao, wakapanga mafungu: vya kubaki, vya kugawa, vya kutupa. Hadi adhuhuri fungu la kubaki lilikuwa na kitabu kimoja, nao walikuwa wakigombana kuhusu hicho.

"Vya kugawa, hakuna aliyevitaka," alisema Nasra. "Jirani alichukua kimoja, akakirudisha jioni na sahani ya mikate, anasema pole."

"Njo nikavipeleka kwa Lydie," alisema Hemedi. "Narudi nyumbani, Nasra anafungua kile tulichoacha, anaona maandiko ya bluu. Jina ya Mungu! Naangalia ingine iliyobaki chini ya kitanda: jina ya Mungu! Nikaelewa yote iko nayo. Mama Inspecteur, mi nilisikia baridi. Watu wanakula kalanga ndani ya Bismillahi sababu yangu."

"Ukakimbia."

"Nilikimbia sana."

Kuvichoma waliogopa. Kuvizika uani, ukuta ulikuwa unajengwa. Wakaamua juu ya mto. Walivipangusa kimoja kimoja, wakanunua kafuri, Hemedi akashona, na alfajiri ya Ijumaa walikodi mtumbwi juu ya maporomoko wakaviteremsha majini kwa heshima zote. Hemedi alisoma dua, fupi.

"Mi nilisema tutie tofali nzima," alisema Nasra. "Yeye akasema nusu inatosha, ile ingine iko ya ukuta."

"Ilitosha! Ni mto ndiyo ilikuwa na nguvu!"

"Na wezi?" aliuliza Pétronille.

Hemedi alivuta penseli nyuma ya sikio, akaigeuza vidoleni. "Mama alirudi mbele ya siku yake. Alisimama hapa mulangoni. Aliniangalia. Wezi njo kitu ya kwanza ilikuya mudomoni."

"Wezi waliingia, hein?" ilisema sauti nyuma ya pazia.

Mama Safiya alikuwa amesimama na mwiko mkononi, na ilionekana amesimama hapo kwa muda, maana sombe lilikuwa limeanza kuungua. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alimtazama mwanawe mkubwa mpaka Hemedi, baba wa watoto wanne, akaketi juu ya sare za shule.

"Mutanifunga, Mama Inspecteur?" alinong'ona.

"Kwa kosa gani? Kuzika karatasi bila ruhusa? Ningekuwa na kifungu ya sheria, ningekufunga kwa roho moja."

"Kitabu yangu iko wapi?" aliuliza Mama Safiya.

Uani palisikika magurudumu, na Théodore akaingia na mkokoteni, vitabu vimepangwa juu ya majani ya ndizi, vimefura kama mikate, mkewe amekaa juu yake kuvizuia visianguke. Alisimamisha mkokoteni, akawasalimu wote, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba yeye hakuua mtu.

Waliteremsha vitabu juu ya mkeka. Pétronille alichukua kimoja, kisha kingine, akaviweka sambamba. "Angalieni hii. Kitabu hiki iko na miaka makumi sita. Hiki miaka tano. Mais penseli ni moja, na mukono ni moja, na ncha inaenda inakuwa butu kutoka hiki mupaka hiki. Papa yenu hakuandika siku aliyonunua. Alikaa chini, akaandika yote mara moja. Na penseli ya kazi."

Mama Safiya alicheka kwa mara ya kwanza tangu arudi Isangi, na mara machozi nayo yakaja. "Ramadani iliyopita. Alimaliza juma zima. Nilimuuliza, fundi, unafanya nini? Akanijibu: Safiya, watoto wangu wananiheshimu mimi kidogo, Mungu wanamwogopa sana. Tutaona kama watavitupa."

"Alitufunga," alisema Nasra polepole. "Papa alitufunga mikono."

"Sasa tufanye nini navyo, Mama?" Hemedi aliuliza. Alikuwa mtu aliyeshindwa. "Nitatoa mashine. Nitarudisha yote. Hata ya karata."

"Zika. Gawa. Peleka muskitini, waulize. Mi sikusema mukae navyo." Mama Safiya alikuwa amepiga magoti mkekani. "Mi nilikuwa nataka kimoja."

"Kimoja?" Hemedi alishika kichwa. "Mama! Si ungesema?"

"Si ungeningojea?"

Alianza na lile bonge. Hakuangalia majalada, alipapasa migongo ya vitabu kwa vidole, kama mtu anayechagua mchele, akibandua kwa subira mahali ambapo wengine wangepasua. Cha nne kilipotoka, vidole vyake vilisimama. Nyuma yake palikuwa na kovu jeusi lenye ncha, umbo la pasi. Jalada lilikuwa limepauka lakini karatasi zilikuwa nzito, za kung'aa, na zilikuwa zimestahimili maji. Uzi ulikuwa bado ndani. Alikipangusa kwa kitenge, akaketi kwenye kigoda, akamnyooshea Pétronille.

"Soma, mutoto wangu. Pale kwenye uzi."

Pétronille alifungua kwenye uzi. Alisoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, kisha wa pili, kisha akageuza ukurasa mmoja nyuma na mwingine mbele. Palikuwa na mchoro wa kompresa, sehemu zake zimepewa namba hadi thelathini na moja. Akarudi mwanzo kabisa, chini ya jina la Mungu. Kilikuwa kitabu cha Kifaransa cha kufundisha mafundi matengenezo ya friji. Kurasa mia tatu na kumi, na ndani yake hapakuwa na Rachida, wala mto, wala nyumba. Mlango ulikuwapo mmoja, wa friji, na tatizo lake lilikuwa mpira.

Alimtazama Mama Safiya. Mjane alikuwa ameweka mikono mapajani, kichwa ameinamisha kidogo upande, amejiandaa kusikiliza. Mwaka na nusu, kila alasiri. Pétronille kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewasomea watu yaliyoandikwa, hakuwahi kuongeza hata nukta, na sasa angeweza kuifunga kesi hii kwa maneno mawili ya kweli na kumvunja mtu. Alikifunga kitabu, kidole kikiwa kwenye uzi.

"Miwani yangu nilisahau bureau," alisema. Miwani ilikuwa puani. "Hemedi, njo weye utasoma."

Hemedi alipokea, akafungua, akakunja uso. "Mais, Mama, hiki kitabu iko ya fri..."

Kiatu cha inspekta kilitua juu ya mguu wake na kubaki hapo.

Alimtazama Pétronille. Akatazama ule ukurasa, kompresa na namba zake, kisha mama yake aliyekuwa akingoja. Hakuwa mtu wa kuelewa upesi, lakini alipoelewa alielewa yote kwa mara moja. Baba yake, ambaye kwa watoto alikuwa mtu wa maneno machache na vipimo vya suruali!

"Ili tusiruke kitu," alisema Pétronille, akifungua faili lake kwa sauti ya ofisi, "nakukumbusha fasi mulipoishia. Kwa PV tunasema hivi: mlalamikaji anaeleza kwamba Rachida, baada ya siku tisa ndani ya baleinière, mashua ya mto, amefika mbele ya nyumba ya mabati mekundu, akainua mkono apige hodi. Endelea hapo."

"Bon," alisema Hemedi. Alikohoa. "Bon. Donc, Rachida alipiga hodi."

"Mara ngapi?" aliuliza mama yake.

"Tatu."

"Eheh."

"Ndani... ndani kulikuwa mutu anashona. Akasikia hodi. Mashine ikanyamaza." Jasho lilimtiririka shingoni. Nasra alikuwa ameacha vifungo. "Rachida akasikia miguu inakuya, pole pole, miguu ya mutu muzee. Funguo ikazunguka. Mulango ikafunguka."

"Nani?" alisema Théodore kutoka uani, mtu ambaye kesi yake ilikwisha kumalizika.

Hemedi alikodolea macho kompresa muda mrefu. Alipoendelea, sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa ya mtu anayejitetea.

"Ilikuwa mwanamuke. Alikuwa na sindano mukononi, na uzi mudomoni, hakuweza kusema. Akamuangalia Rachida. Akamuangalia tena. Akatoa ule uzi mudomoni, akasema: nilikushonea nguo kila mwaka, lakini sikujua urefu yako."

Mkewe Théodore alipenga kamasi kwenye kona ya kitenge. Mama Safiya alikuwa amefumba macho, na machozi yalimteremka taratibu bila yeye kuyafuta. Akavuta pumzi ndefu, ya mtu aliyetua mzigo.

"Njo hivyo," alisema. "Nilijua ni mama yake."

Kisha akafumbua jicho moja, akamtazama mwanawe aliyekuwa amekishika kile kitabu kwa mikono miwili kama kinaweza kumtoroka.

"Geuza ukurasa, Hemedi," alisema. "Papa yako hakusahau hata siku moja kugeuza."